Padri Denifle na Rafiki wa Mungu Asiyekuwako

Hadithi hii niliisikia mara ya kwanza seminarini, ikisomwa katika chumba cha kulia wakati wa chakula cha jioni. Siku nyingine msomaji wa mezani aliwasomea sahani tu. Siku ile hata wenye njaa waliacha kutafuna.

Yasema hivi. Katika mji mmoja mkubwa alikuwako mwalimu wa Maandiko Matakatifu, mhubiri hodari. Siku moja akajiwa na mtu asiye padri wala mtawa, aliyetoka nchi ya juu, upande wa milimani. Mgeni akamwomba ahubiri jinsi mtu awezavyo kufika karibu kabisa na Mungu katika maisha haya. Mwalimu akahubiri, akataja mambo 24, na watu wote wakamsifu. Mgeni akaenda zake, akayaandika yote kwa utaratibu wake, akarudi akamsomea. Kisha akamwambia wazi kwamba maneno yake ni mema, ila yeye mwenyewe hayaishi. Mwalimu akakasirika, halafu akanyenyekea. Akamkubali yule mlei kuwa baba yake wa roho, akajifunza kwake kama mtoto ajifunzavyo a-be-che. Akanyamaza miaka miwili bila kupanda mimbarani, hata rafiki zake wakamcheka. Alipojaribu kuhubiri tena, alilia tu, neno lisitoke. Mara iliyofuata akahubiri juu ya Bwana-arusi ajaye, na watu wengi wakaanguka kama wafu.

Tuliambiwa kwamba mwalimu yule ni Johannes Tauler, Mdominiko wa Strasbourg aliyefariki mwaka 1361, mmoja wa wahubiri wakubwa wa Kijerumani wa nyakati zile. Mgeni aliitwa Rafiki wa Mungu wa Nchi ya Juu.

Basi, mimi ni katekista. Upadri sikuufikia. Msomaji atanielewa nikisema kwamba hadithi hii niliipenda kuliko nyingi: mlei anamfundisha daktari wa teolojia, na daktari anakubali! Niliisimulia kwa wakatekumeni, niliisimulia kwa makatekista wenzangu, na nakiri kwamba mara moja niliisimulia karibu na sikio la padri mmoja kusudi aisikie. Baadaye nikakutana na kazi ya Padri Heinrich Denifle, nikaona kwamba Rafiki wa Mungu wa Nchi ya Juu hakuwako duniani kamwe. Nataka kueleza mtu huyu aliyeninyang'anya hadithi yangu alikuwa nani, aliifanyaje kazi yake, na ni wapi kwa maoni yangu alipotea njia.

Alizaliwa Imst, katika milima ya Tirol nchini Austria, mwezi wa Januari 1844. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake la ubatizo lilikuwa Joseph, lakini alipoingia Shirika la Wadominiko mjini Graz mwaka 1861 akapewa jina la Heinrich Seuse, kwa heshima ya mwenye heri Heinrich Seuse wa Konstanz, Mdominiko wa karne ya 14 aliyeandika kwa Kijerumani juu ya Hekima ya milele. Mwaka 1866 akapadirishwa. Tangu 1870 alifundisha filosofia na teolojia huko Graz, karibu miaka kumi.

Sisi tunapompa mtoto jina la mtakatifu twamwambia amfuate. Denifle alimfuata msimamizi wake mpaka ndani ya makabati ya vitabu. Mwaka 1873 alitoa mkusanyo wa mafundisho ya waalimu wa sala ya ndani wa Ujerumani wa karne ile ya 14, kitabu cha kuwasaidia Wakristu kusali. Kisha, kati ya 1876 na 1880, akatoa maandiko ya Kijerumani ya Seuse. Hapo ndipo alipoanza kuona shida, na shida hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu tunayemkumbuka.

Kabla ya kuwako chapa, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Mwenye kunakili huchoka, huruka mstari, hutengeneza neno asilolielewa, na akiona hotuba nzuri isiyo na jina huitia jina la mwalimu ampendaye. Yeyote kati yetu aliyewahi kuandika sala ubaoni ili wakatekumeni wanakili ayajua haya: madaftari ishirini, sala ishirini. Sasa fikiri miaka 500 ya madaftari. Vitabu vya Eckhart, vya Tauler na vya Seuse vilichanganyika hata mmoja akasifiwa kwa kazi ya mwingine. Kitabu cha Miamba Tisa, kwa mfano, kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa cha Seuse, kumbe kiliandikwa na mfanyabiashara wa Strasbourg aitwaye Rulman Merswin. Tulishike jina hili.

Njia ya Denifle ilikuwa moja tu: kwenda kwenye hati yenyewe. Hakuridhika na kitabu kilichonukuu kitabu. Alitaka kuona ngozi, wino, tarehe, mkono wa mwandishi. Mwaka 1877 alichapisha kitabu juu ya umaskini wa roho ambacho watu wa sala walikuwa wamekipenda kwa karne nyingi kama kazi ya Tauler, akaonyesha kwamba Tauler hakukiandika. Neno hili ni la kukumbuka, maana Tauler alikuwa ndugu yake wa shirika. Mtu wa kwanza kunyang'anywa na Denifle hakuwa adui, alikuwa mtu wa nyumbani mwake.

Miaka miwili baadaye, 1879, akatoa kijitabu juu ya kuongoka kwa Tauler. Alianza na swali jepesi ambalo hakuna aliyelijali: nani alisema kwamba mwalimu wa hadithi ni Tauler? Hati za kale za hadithi hazimtaji. Jina lake linaonekana katika chapa ya hotuba za Tauler iliyotolewa Leipzig mwaka 1498, zaidi ya miaka 130 baada ya kufa kwake, na tangu hapo kila chapa imeifuata iliyotangulia. Tena, hadithi humwita yule mhubiri mwalimu wa Maandiko Matakatifu. Hilo halikuwa neno la heshima tu kama tunavyomwita mzee yeyote "mwalimu". Lilikuwa daraja la chuo kikuu, na Tauler hakuwa na daraja hilo. Mwishowe Denifle akaziweka hotuba za hadithi kando ya hotuba za kweli za Tauler. Mpangilio si uleule, maneno si yaleyale, na mafundisho ya mwalimu wa hadithi ni mepesi mno kwa kichwa cha Tauler.

Kama angeishia hapo, Rafiki wa Mungu angebaki hai, amepotewa tu na mwanafunzi wake mashuhuri. Lakini katika 1880 na 1881 Denifle akarudi, mara hii katika gazeti la mabingwa wa fasihi ya kale ya Kijerumani, wala si katika gazeti la mapadri, akamshika Rafiki mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kwa kituo. Wako watu wa karne ya 14 walioitwa marafiki wa Mungu, wanaume na wanawake, watawa na walei, huko Strasbourg, Basel na kwingineko kandokando ya mto Rhein. Hao ni watu wa kweli na barua zao tunazo. Hakuna aliyewakana. Swali ni juu ya mmoja tu, yule mkubwa wa siri aliyekaa mahali pasipojulikana milimani na kuwaongoza wengine kwa barua. Karl Schmidt, profesa wa Strasbourg, alidhani amempata: alisema ndiye Nikolaus wa Basel, mzushi aliyechomwa moto mjini Wien, na mwaka 1866 alichapisha maandiko ya Rafiki kwa jina hilo. Wengine walikataa jina lakini wakakubali mtu.

Denifle akauliza tena swali lake jepesi: nani alimwona? Jibu likawa: Rulman Merswin, na nje ya nyumba ya Merswin hakuna. Huyu Merswin alizaliwa mwaka 1307, akapata mali kwa biashara na fedha, na alipofika umri wa miaka 40 akaacha biashara akashika maisha ya sala. Mwaka 1367 akanunua monasteri iliyokuwa imebomoka katika kisiwa kiitwacho Grüner Wörth, na mwaka 1371 nyumba ile ikawa mikononi mwa watawa Wayohaniti. Kila lilipotokea jambo gumu katika nyumba ile, barua ya Rafiki ilifika. Na tazama ajabu: kila mara Rafiki alitaka kile alichokitaka Merswin. Vitabu vya Rafiki vina maneno ya Merswin, mizunguko ya Merswin, hata udhaifu wa Merswin wa kurudia jambo moja mara tano. Tarehe zinagongana. Merswin akafariki mwaka 1382, na barua zikakoma. Watawa wale maskini walituma watu kumtafuta Rafiki milimani, wasimpate.

Kila nisomapo habari ya hao waliotumwa huwaonea huruma. Walipanda milima kumtafuta baba yao wa roho, naye alikuwa amekwisha kuzikwa palepale nyumbani, kwa jina lingine.

Atasema mtu: Denifle alikuwa mtawa, hadithi ilimdhalilisha mtawa mbele ya mlei, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kumuua huyo mlei. Nami nilisema hivyo moyoni mwangu, tena kwa uchungu. Lakini ushahidi haukusimama kwa sababu Denifle alikuwa Mdominiko. Ulisimama kwa sababu wengi waliozifungua hati zile waliyaona yaleyale. Philipp Strauch, mmoja wa mabingwa wa fasihi ya kale ya Kijerumani, alichunguza upya akaushika upande huo. Mwaka 1905 Karl Rieder alijaribu kumwondolea Merswin lawama na kumtwika mwandishi wake, Nikolaus wa Löwen. Wengi hawakumfuata, lakini hata yeye hakumfufua Rafiki. Wanabishana ni nani aliyemtunga, na kwamba alitungwa wote wanakubali.

Penye kosa la Denifle ni hapa. Alipokwisha kuthibitisha kwamba barua zilitungwa, akamhukumu Merswin kuwa mlaghai, akafunga kesi. Hati zaweza kutuambia kwamba mtu hakuwako. Kwamba aliyemtunga alikuwa na moyo gani, hilo hati hazisemi upesi hivyo. Merswin alitoa mali yake, hakuchuma. Aliishi katika karne ya tauni na ugomvi wa Papa na Kaisari, wakati Wakristu wengi hawakujua wamsikilize nani. Je, alisema uongo kwa makusudi? Au aliisikia sauti ndani yake, akaona haya kuiita yake, akaitungia mdomo? Sijui, wala Denifle hakujua. Ila mimi nakiri, na yeye hakukiri.

Kosa hilohilo, kwa ukubwa zaidi, tutaliona kwa Mwalimu Eckhart. Huyu alikuwa Mdominiko aliyefundisha Paris, akahubiri kwa Kijerumani Strasbourg na Köln, na tarehe 27 Machi 1329, yeye akiwa amekwisha kufa, Papa Yohane XXII akatoa hati juu ya sentensi 28 zilizotolewa katika maneno yake, nyingine zikahukumiwa kuwa uzushi, nyingine kuwa zasikika vibaya. Katika karne ya 19 watu walimjua kwa hotuba zake za Kijerumani tu, zilizochapishwa na Franz Pfeiffer mwaka 1857, na wengi walimsifu kama mtu aliyezivunja kamba za shule za Kanisa na kuanzisha fikira za Kijerumani tupu.

Mwaka 1880 Denifle aliitwa Roma kumsaidia mkuu wa shirika, akatumwa kuzunguka maktaba za Ulaya kutafuta hati za Mtakatifu Tomaso wa Akwino, maana Papa Leo XIII alitaka kazi za Tomaso zichapishwe upya. Akifungua makabati ya Erfurt alikuta kitu ambacho hakukitafuta: vitabu vya Kilatini vya Eckhart. Mwaka 1886 akapata hati nyingine huko Kues, kando ya mto Mosel, katika maktaba ya Kardinali Nikolaus wa Kues, ambaye aliagiza inakiliwe mwaka 1444 na kuandika maoni yake pembeni. Mara moja Eckhart akawa mtu mwingine. Hakuwa mwasi wa shule. Alikuwa mwana wa shule kabisa, mfafanuzi wa Kitabu cha Mwanzo na wa Injili ya Yohane kwa Kilatini.

Faida ya ugunduzi huu ilionekana baada ya Denifle kufa. Mwaka 1930 Alfred Rosenberg, mwandishi wa chama cha Hitler, alitoa kitabu kumfanya Eckhart babu wa dini ya damu ya Kijerumani, dini isiyo na Kanisa wala Wayahudi. Ili kufanya hivyo ilimpasa kuruka vitabu vya Kilatini, ambamo Eckhart anamtaja kwa heshima Musa bin Maimuni, mwalimu wa Kiyahudi, karibu kama anavyowataja mababa wa Kanisa. Vitabu hivyo vilikuwa vimekwisha kutolewa kabatini, na mkono uliovitoa ni wa Denifle.

Lakini yeye mwenyewe alivisomaje? Alivipima kwa kipimo cha Mtakatifu Tomaso, akaamua kwamba Eckhart anapokuwa sawa, anarudia tu waliyosema wengine, na anaposema la kwake, amechanganyikiwa. Huku ni kumpa mtu chakula kisha kumwambia hana njaa. Alikuwa wa kwanza kuviona vitabu vile baada ya karne nyingi, na aliwahi mno kusema vina thamani gani. Chapa kamili ya kazi za Eckhart ilianza kutoka Stuttgart mwaka 1936, Josef Quint akisimamia Kijerumani na Josef Koch Kilatini, na kadiri ilivyoendelea ndivyo wataalamu walivyoona kwamba vile alivyoviita Denifle vurugu vingi vina mpango wake. Nadhani Denifle alijua kusoma mwandiko kuliko alivyojua kumngoja mwenye mwandiko.

Miaka yake ya Roma nitaipita upesi, ingawa yeye angeihesabu kuwa ndiyo kazi yake kubwa. Tangu 1883 alikuwa msaidizi katika hifadhi ya hati za Vatikano, ambayo Leo XIII alikuwa ameifungulia wataalamu. Mwaka 1885 alianzisha gazeti la utafiti pamoja na Myezuiti Franz Ehrle. Kati ya 1889 na 1897, pamoja na Émile Chatelain, akatoa vitabu vinne vikubwa vya hati za Chuo Kikuu cha Paris. Kisha akaandika juu ya makanisa, monasteri na hospitali za Ufaransa zilizobomolewa katika Vita vya Miaka Mia. Mtu mmoja na taa yake!

Mwaka 1904 likaja jambo la Luther. Denifle alitoa kitabu cha kwanza cha "Luther und Luthertum", na chapa ile ikamalizika upesi. Alikuwa amesoma masomo ya Luther kijana juu ya Waraka kwa Warumi, katika nakala iliyokuwa Vatikano, akaonyesha kwamba yale aliyoyasimulia Luther mzee juu ya utawa wake hayapatani na yale aliyoyaandika alipokuwa bado mtawa. Hapo alikuwa Denifle wa Strasbourg tena, na hata mabingwa Waprotestanti ilibidi wazirudie hati zao. Lakini kurasa nyingine! Matusi, hasira, hata kuchunguza sura ya Luther katika picha ili kuonyesha ubaya wake. Wakatoliki wengine waliona haya. Sisi tunaoishi mlango kwa mlango na ndugu Waprotestanti, tunaozika nao na kulima nao, hatuwezi kukifungua kitabu hiki mbele yao bila kuziba kurasa kwa kidole. Joseph Lortz, padri Mkatoliki, alipoandika historia ya matengano yale miaka 35 hivi baadaye, alitumia elimu ya Denifle na kuacha kinywa chake.

Alikuwa safarini kwenda Cambridge, chuo kikuu kilipotaka kumpa heshima ya udaktari, alipopatwa na mauti mjini München tarehe 10 Juni 1905, akiwa na miaka 61. Kitabu cha pili cha Luther kilikuwa makaratasi. Mdominiko mwenzake, Albert Maria Weiss, ndiye aliyekitengeneza na kukitoa mwaka 1909. Martin Grabmann, aliyekuwa padri kijana wakati ule, aliandika mwaka uleule wa 1905 kumsifu kwa utafiti wake.

Nirudi kwa hadithi yangu. Nilipoacha kuisimulia, nilibaki na shimo katika mafundisho yangu, nikasema basi nimsome Tauler mwenyewe, huyu aliyesafishwa na Denifle. Hotuba zake zilichapishwa na Ferdinand Vetter mwaka 1910. Hata hizo zimeponea chupuchupu: hati za Strasbourg zilizokuwa na baadhi yake ziliteketea maktaba ya mji ilipopigwa mizinga mwezi wa Agosti 1870, na Vetter alitumia nakala ambazo Karl Schmidt, yuleyule wa Nikolaus wa Basel, alikuwa amezinakili kabla ya moto. Nilipojua hilo nilimsamehe Schmidt mambo mengi.

Katika mojawapo ya hotuba hizo Tauler anasema juu ya kazi za mikono, za mwenye kusokota uzi na za mwenye kushona viatu, kwamba zote ni vipaji vya Roho Mtakatifu, na kwamba yeye asingekuwa padri angefurahi kujua kushona viatu. Kisha anataja rafiki mkubwa wa Mungu anayemjua mwenyewe. Hana siri, hana barua, hatoki nchi ya juu. Ni mkulima, amelima zaidi ya miaka arobaini, na bado analima. Siku moja mtu huyu alimwuliza Bwana wetu kama aliache jembe akakae kanisani, akajibiwa hapana, ale mkate wake kwa jasho lake.

Jumapili iliyopita niliwasimulia watu wangu habari ya huyo. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza jina lake nani. Nikamwambia Tauler hakulitaja.